Tubaki Nyalenda, tununue ploti Ahero, au tungoje nyumba ya serikali?

*"Mtaalamu, habari ya kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea pale soko la Kibuye. Mume wangu ni mlinzi wa usiku Milimani, mshahara wake ni 16,000. Tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka 14 na yuko Gredi ya 8, wa pili miaka 9, kitinda mimba 5. Tunakaa Nyalenda B hapa Kisumu, vyumba viwili vya mabati, kodi 4,500. Mvua ikizidi, maji ya mto Auji yanatufikia mlangoni. Shemeji yangu anasema tunatupa pesa kwa kodi. Tukope kwenye chama chetu cha akiba tununue ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Ahero, tujenge polepole. Mume wangu anasema tungoje nyumba za serikali, kwa kuwa anakatwa kila mwezi na hiyo nyumba tayari ni yetu. Sasa tena kuna uvumi kwamba kaunti inataka kupanga Nyalenda iwe ya maghorofa, na sisi tutafukuzwa. Mimi shida yangu ni watoto. Sitaki waishie hapa tulipo. Na niulize jambo lingine: Milimani, anakolinda mume wangu, ni mwendo wa miguu kutoka kwetu. Kwa nini kule nyumba moja ina uwanja kama wa shule na huku ploti moja ina familia kumi na mbili?"*

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa urefu. Umeuliza mambo manne, lakini naona yote yanatoka kwenye wasiwasi mmoja: je, mahali mtu anapolala panaamua mtoto wake atafika wapi? Panachangia, tena sana. Lakini sababu zake si zile zinazosemwa kwenye vikao vya familia, na nyumba ya kwako mwenyewe haileti maendeleo kila mara. Nitaanza na swali lako la mwisho, la Milimani. Wengi wangeliona la pembeni, nami naona ndilo linalofungua mengine.

Tofauti ya Milimani na Nyalenda haikutokea kwa sababu watu wa huku walikuwa wavivu au hawakujipanga. Ilichorwa. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mji ulipoanza kukua wakoloni waliugawa kwa rangi: Wazungu mlimani penye upepo, Wahindi kwenye maduka, Waafrika pembeni au nje kabisa ya mpaka wa mji. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimleta daktari wa afya ya miji, Profesa W. J. Simpson, kuikagua miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza rangi zikae mbalimbali, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia tauni. Amri ya ubaguzi wa mitaa ililegezwa na waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923, uitwao wa Devonshire, lakini michoro ilibaki. Masharti ya mikataba ya ardhi yalibaki pia: kiwanja kikubwa, nyumba moja tu ya kuishi, vyumba vya watumishi nyuma.

Nyalenda na Manyatta zilikuwa nje ya mpaka huo. Zilikuwa ardhi za familia, na familia hizo baadaye zilipimiwa na kupewa hati za miliki huru. Mpaka wa Kisumu uliposukumwa nje mwanzoni mwa miaka ya 1970, mitaa hiyo iliingizwa mjini kwenye karatasi, bila mabomba ya maji taka, bila barabara, bila nafasi iliyotengwa kwa shule. Kwa hiyo ukiangalia kutoka juu unaona mji wa zamani uliopangwa umezungukwa na mkanda wa mitaa isiyopangwa: Nyalenda, Manyatta, Obunga, Bandani. Rangi haitajwi tena popote. Siku hizi kinachotajwa ni ukubwa wa kiwanja.

Hapa ndipo ilipo mashine yenyewe, na ningependa uielewe vizuri. Serikali inapogawa mji kwa kanda, kila ukanda hupewa masharti: ardhi itumike kwa nini, kiwanja kisipungue ukubwa gani, jengo lifunike sehemu gani ya kiwanja, liende ghorofa ngapi. Chukua mfano wa kiwanja cha shilingi milioni 24. Sharti likiwa nyumba moja, anayetaka kuishi pale lazima abebe milioni 24 za ardhi peke yake, kabla ya tofali la kwanza. Ukiruhusu nyumba sita, kila moja inabeba milioni nne. Ukiruhusu ishirini na nne, kila moja inabeba milioni moja. Ardhi ni ile ile, hospitali zilizo karibu ni zile zile. Kilichobadilika ni mstari kwenye kanuni. Mstari huo haumtaji mtu yeyote maskini, lakini unamzuia vizuri kuliko ukuta ambao mumeo anaulinda.

Wale waliozuiwa hawatoweki. Mji unawahitaji: mlinzi, fundi, muuguzi, dereva wa tuktuk. Basi wote wanasukumwa kwenye ardhi iliyobaki, ambako hakuna anayeuliza kibali, na mwenye ploti akiona wapangaji ni wengi kuliko vyumba, anaongeza vyumba badala ya choo. Hivyo ndivyo unavyopata familia kumi na mbili kwenye ploti moja. Na sheria ndogo za ujenzi za 1968, tulizoziiga kutoka Uingereza, zilizidisha tatizo: kiwango cha chini kilichokubalika kilikuwa juu kuliko mfuko wa watu wengi, kwa hiyo nyumba ambayo mtu wa kipato chako angeweza kuilipia haikuwa halali. Ikajengwa hata hivyo, bila ukaguzi, bila mkataba, bila laini ya maji taka.

Lakini nisikudanganye kwamba ukifuta kanuni zote mambo yatanyooka. Wapo wenzangu wanaoamini hivyo, na mimi huwaambia waende Pipeline kule Embakasi, Nairobi, wakaone maghorofa yaliyobanana mpaka chumba cha chini kinahitaji taa saa sita mchana. Nyalenda iko karibu na ziwa; maji ya ardhini yako juu, vyoo vya shimo hujaa upesi, na visima vya watu viko hatua chache kutoka vyoo hivyo. Ghorofa tano juu ya shimo la choo ni ugonjwa unaosubiri mvua. Kanuni nzuri ni ile inayoleta bomba kwanza, kisha inaruhusu watu wengi. Kisumu ilijaribu kitu kama hicho pale Migosi, kwa msaada wa Benki ya Dunia: viwanja vidogo, vikiwa na maji na barabara, halafu kila mtu ajenge kwa uwezo wake. Mtaa ulisimama, na leo ni mtaa unaotamaniwa. Sehemu chungu ni kwamba ulipoanza kutamaniwa, wengi wa kipato cha chini waliuza nafasi zao au wakapangisha wenye uwezo zaidi. Kumbuka jambo hilo, maana linahusu uvumi uliousikia.

Tuje kwenye uvumi wenyewe. Kupanga mtaa na kuchukua ardhi ni mambo mawili tofauti. Kaunti inapotunga mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, haipati umiliki wa hata futi moja. Inasema tu kinachoruhusiwa kujengwa. Ikitaka ardhi yenyewe, kwa mfano ya barabara, lazima ipitie Tume ya Taifa ya Ardhi na mwenye ardhi alipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa. Kwa hiyo anayekuambia "kaunti imepanga, basi mnafukuzwa" amechanganya.

Hata hivyo uvumi huo una punje ya kweli, na punje hiyo ni kubwa kwako kuliko kwa mwenye nyumba wako. Wewe ni mpangaji. Mpango mpya ukiruhusu ghorofa nne mahali pa mabati, thamani ya ploti inapanda siku hiyo hiyo, na faida yote inamwendea mwenye hati. Hahitaji kaunti ikufukuze. Atakuja mwenyewe na kusema anataka kujenga. Mahakama ya kodi za nyumba nayo haitakusaidia sana, kwa kuwa sheria inayoipa nguvu inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na kisichofika kwenye 4,500 yako. Kinachokulinda ni mkataba wako, kama upo. Kama mnakaa kwa maneno ya mdomo na meseji za M-Pesa, zihifadhi meseji zote, na mwombe mwenye nyumba karatasi inayotaja muda wa notisi. Hata miezi miwili iliyoandikwa ni bora kuliko ahadi ya "tutaongea".

Tena mpango wowote wa mtaa lazima utangazwe, na wakazi wapewe nafasi ya kusema. Sheria haisemi wenye hati peke yao. Katika mikutano hiyo huwaona wenye ploti wamejaa viti vya mbele, na wapangaji, ambao ndio wengi mtaani, hawapo, kwa sababu mkutano umewekwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Ukisikia tangazo, nenda hata kwa saa moja, au mwandike barua wapangaji kumi mkatie sahihi pamoja. Waulizeni swali moja tu: je, mpango huu unahitaji sehemu ya vyumba vipya viwe vya kodi ya chini, au unaruhusu ghorofa tu? Majibu yao yatawaambia kama mpango umewafikiria.

Sasa makato ya mumeo. Hapa nitamkosoa kidogo, mniwie radhi. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara wote; kwa 16,000 ni shilingi 240 kwa mwezi, na mwajiri anatakiwa kuongeza 240 nyingine. Watu wengi wanadhani hiyo ni akiba. Kosa hili linaeleweka, kwa sababu pendekezo la kwanza la mwaka 2023 lilizungumzia mchango ambao mtu angeweza kurudishiwa baada ya miaka kadhaa. Lilibadilishwa likawa tozo. Mahakama Kuu ikaiharamisha Novemba mwaka huo, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 2024. Chini ya sheria hiyo unachokatwa hakihesabiwi kwa jina lako wala hakikuwekei nyumba. Ni kodi. Anayelipa tozo miaka kumi bila kuomba nyumba hana nyumba.

Nyumba inaombwa kwa kujiandikisha Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, kwa kitambulisho na pini ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, kisha kuweka amana na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lipo kundi la nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi, na mumeo anaingia humo. Jiandikisheni, wewe kwa jina lako na yeye kwa lake. Huduma Center ya Kisumu wanaweza kuwasaidia kama simu inasumbua. Kujiandikisha hakuwafungi. Lakini waombaji ni wengi kuliko nyumba, kwa hiyo msiyapange maisha ya watoto juu ya nafasi hiyo. Na mkiitwa, ulizeni maswali ya mahali kabla ya kufurahia funguo: ni umbali gani kutoka Kibuye? Kuna ada ya huduma kila mwezi juu ya malipo ya nyumba? Nikikosa malipo miezi mitatu kwa sababu soko limekuwa baya, nini kinatokea? Fundi cherehani anajua Januari haina wateja, ilhali malipo ya nyumba hayajui Januari. Kitu kimoja kinachonipa moyo ni kwamba baadhi ya miradi, kama ule wa Makasembo hapa Kisumu na Bondeni kule Nakuru, imejengwa ndani ya mji na si porini. Mahali ndipo penye thamani, hata kama rangi ya ukuta haikupendezi.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ushauri wake ndio unaosikika wa busara kuliko wote, na ndio unaonitia hofu kuliko wote.

Simpingi kwa sababu ardhi ni mbaya. Kuwa na mahali pako ni heshima, na kwa jamii zetu ni zaidi ya hesabu. Lakini tufanye hesabu hata hivyo. Ahero iko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Tuseme nauli ni mia moja kwenda na mia moja kurudi. Wewe na mumeo mkisafiri siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 10,400. Mmeacha kodi ya 4,500 mkachukua nauli ya 10,400, na bado mnalipa mkopo wa chama na mnanunua mabati. Juu ya hapo kuna saa. Mumeo anatoka kazini alfajiri. Leo anafika nyumbani kwa miguu kabla watoto hawajaenda shule. Wewe leo mteja akikupigia simu saa kumi na mbili jioni kwamba anataka sare ya mtoto kesho, unarudi kibandani. Kutoka Ahero hurudi, na mteja huyo anaenda kwa fundi wa jirani. Watu huhesabu kodi kwa sababu inalipwa mara moja na inauma. Nauli na wateja waliopotea hawazihesabu kwa sababu zinatoka kidogo kidogo.

Utafiti mmoja uliofanywa Ahmedabad, India, unanijia kila ninapoulizwa swali kama lako. Wanawake maskini waliokuwa wakisokota sigara za bidi walichezeshwa bahati nasibu ya nyumba bora zilizojengwa kama kilomita 12 nje ya mji. Watafiti waliwarudia baada ya miaka 14. Karibu theluthi moja ya washindi hawakuhamia kabisa, na karibu theluthi nyingine walihamia kisha wakaondoka. Kipato chao hakikuwa kimepanda kuwazidi walioshindwa bahati nasibu, wala watoto wao hawakuwa wamefika mbali zaidi. Walichopoteza ni watu: ndugu na majirani wa kuwakopesha, kuwashikia mtoto, kuwaambia kazi iko wapi. Nyumba ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa mbali na kila kilichowapa riziki. Hesabu nawe majirani wako wa Nyalenda wanaokushikia mtoto ukichelewa, na chama hicho hicho mnachotaka kukikopa. Ukihama kilomita 20, kitadumu?

Upande wa pili kuna utafiti wa Marekani, ambao hutajwa sana kwa sababu matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo. Kati ya 1994 na 1998, familia zipatazo 4,600 zilizokuwa kwenye nyumba za serikali katika miji mitano, ikiwemo Chicago na Baltimore, zilichaguliwa kwa kura; baadhi zikapewa hati ya kusaidiwa kodi, kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo. Miaka mingi baadaye Raj Chetty na wenzake walifuatilia mapato ya watoto wale. Waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuwa wakipata takriban asilimia 31 zaidi walipokuwa watu wazima. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo, na huenda kuhamishwa kuliwayumbisha. Mapato ya wazazi hayakubadilika.

Siwezi kuichukua Chicago na kuibandika Kisumu. Shule zao, polisi wao, hata namna wanavyogawana pesa za mtaa ni tofauti. Lakini naona mambo mawili yanayovuka bahari. La kwanza, kilichosaidia ni miaka mingi ya utoto katika mtaa wenye shule nzuri, usalama na majirani walio kazini. Kumiliki nyumba hakukuhusika hata kidogo. Wale walikuwa wapangaji kama wewe. La pili, umri una uzito. Mtoto wako wa 5 na wa 9 wana miaka mingi mbele ya kufaidika na mtaa mzuri zaidi. Huyu wa 14 yuko karibu na mtihani wa Gredi ya 9, na kwake yeye utulivu ni bora kuliko mandhari mapya. Nisingemhamisha shule kabla hajamaliza.

Kwa hiyo, ningekuwa katika nafasi yako, ningetazama njia ambayo hakuna mtu kwenye familia yenu ameitaja: kuhama, lakini ndani ya mji, mkiendelea kupanga. Mkiacha Ahero, mnaokoa nauli ambayo bado hamjaanza kuitumia. Sehemu ndogo ya pesa hizo, tuseme elfu moja na mia tano au elfu mbili juu ya kodi yenu, inaweza kuwatoa kando ya Auji na kuwapeleka sehemu ya juu zaidi, iwe ni Nyalenda hiyo hiyo au Manyatta. Jambo la kwanza la kutafuta si vigae. Tafuta mahali ambapo maji hayaingii, choo kimeunganishwa na laini au angalau kina tangi linalonyonywa, shule ya msingi iko umbali wa mtoto wa miaka 5 kutembea bila kuvuka barabara kuu, na wewe unafika Kibuye kwa miguu au kwa nauli moja. Nenda uangalie chumba siku ya mvua. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, anaweza kukuambia lolote wakati wa jua. Uliza wapangaji waliopo, si yeye.

Najua shemeji atasema bado mnatupa pesa. Mjibu kwa upole kwamba kodi inanunua kitu: kazi mbili zilizo karibu. Akiba ya ardhi inaweza kuendelea polepole kwenye chama bila kuhamisha familia. Mkitaka kununua ploti Ahero baadaye kama akiba, au kama nyumba ya uzee, hilo ni jambo jingine na silikatazi. Litofautisheni tu na mahali pa kulea watoto hawa watatu kwa miaka kumi ijayo.

Na mkinunua, kunusa harufu ya udongo hakutoshi. Sehemu kubwa ya tambarare za Kano, ilipo Ahero, ina udongo mweusi unaovimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, hivyo msingi wa nyumba unagharimu zaidi ya mnavyoambiwa. Na mto Nyando hufurika. Ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi; ombi lisipopelekwa ndani ya miezi sita ya mapatano, mauzo hayana nguvu. Ploti za hamsini kwa mia mara nyingi zimekatwa kutoka shamba kubwa kabla ugawaji haujaidhinishwa, kwa hiyo unapewa risiti na hadithi, hati inabaki moja. Kubwa kuliko yote ni jina kwenye hati. Kwetu huku ni kawaida kukuta shamba bado liko kwa jina la babu aliyefariki zamani, na mjukuu mmoja anauza. Hadi mirathi imalizwe na mahakama iidhinishe, mjukuu huyo hana cha kuwauzia, hata kama chifu na wazee walishuhudia mkipeana mkono.

Kwa hiyo kuna nyakati ambazo ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Kabla ya kulipa hata amana ya ploti, fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, ile ambayo wengi huiita sachi, kisha mwone wakili mwenyewe, si wakili wa muuzaji. Mpimaji aliyesajiliwa awaonyeshe mipaka juu ya ardhi, si kwenye simu. Kama mwenye nyumba ataleta notisi ya kuwatoa, au mkisikia ploti yenu imewekewa alama ya rangi kwa ajili ya barabara, usisubiri wiki mbili: chukua picha, chukua karatasi, nenda ofisi ya mipango miji ya kaunti uulize mpango upi unahusika na una hatua gani. Pesa za wakili zikikosekana, ulizia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasioweza kulipa. Na kama maji ya Auji yameshaanza kuingia ndani na kitinda mimba anaharisha mara kwa mara, hilo halingoji mpango wa mji wala chama; mpeleke kituo cha afya, na uhamie chumba kingine mwezi huu hata kama ni kidogo.

Mwonyeshe mumeo hesabu ya nauli kabla hamjaketi na shemeji. Nadhani hamtabishana sana baada ya hapo. Na shemeji akiwa na jina la anayeuza na nambari ya shamba, fanyeni sachi hata kama mmeamua kutonunua, ili naye ajue anauziwa nini.